Shangazi wa Dirisha la Dawa: "Nimenenepa, niache vidonge?"

Haya wapenzi, toleo lililopita nilisema kwa mstari mmoja tu kwamba antibayotiki haziui virusi, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja za ARV, za mkanda wa jeshi, za ini, za mafua, na kuna mmoja kaniuliza mbona madhara siyasemi kama vile nalipwa na kiwanda. Silipwi mwanangu, nimekaa miaka na miaka kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, sasa nimestaafu nafuga kuku. Nimechagua barua saba, majina nimeficha, maneno mengine nimepunguza maana kuna mtu kaandika kama anaandika wosia.

Msomaji wa Temeke: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34 natumia ARV, dawa za VVU, toka 2016. Mwanzo nilikuwa kwenye ile ya usiku, ikawa inanipa ndoto mpaka naogopa kulala, baadaye wakatubadilishia hii TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani, ndoto zikakata ila mwili ukaanza kuongezeka, nilikuwa kilo 61 leo nina 74, wifi yangu anasema nimejiachia, mume wangu anacheka tu. Kuna mwenzangu wa kliniki yeye anaruka siku mbili tatu kwa wiki ili apungue. Na hii dawa si wanasema inafubaza tu, sasa kama haiui kuna haja gani kumeza kila siku?

Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho maana ukilielewa hilo la mwenzako litajijibu lenyewe.

Kirusi hana jiko. Bakteria ana jiko lake, ana ukuta wake, ana vyombo vyake, ndo maana antibayotiki inaweza kumbomolea ukuta wewe ukabaki salama. Kirusi anaingia kwenye seli yako mikono mitupu na maelekezo yake tu, halafu anatumia vyombo vyako kujizalisha, kwa hiyo ukitaka kumchoma humo ndani utachoma na nyumba yako. Waliotengeneza dawa za virusi ikabidi wasake vile vitu vichache ambavyo ni vyake yeye tu, wavizie hapo hapo.

Sasa VVU ana tabia moja, akishaingia anayanakili maelekezo yake upya, kama mtu anayetunga shanga moja moja kwenye uzi. Kwenye TLD yako mna tenofoviri miligramu 300 na lamivudini miligramu 300, hizi mbili ni shanga za uongo, zinafanana kabisa na zile za kweli lakini tundu la upande wa pili limezibwa. Kirusi anaokota anatunga, anataka kuweka inayofuata haiingii, uzi umeishia hapo. Ya tatu, dolutegraviri miligramu 50, inasubiri mbele kidogo, maana uzi ukikamilika kirusi huwa anauchomeka katikati ya shanga zako wewe mwenyewe, kwenye vinasaba vya seli, na dolutegraviri inamshika mkono asichomeke.

Umeona tatizo lilipo? Zile seli ambazo alishachomeka zamani kabla hujaanza dawa, uzi uko mle mle, kimya, na hakuna dawa kati ya hizo tatu inayoutoa. Dawa inazuia wapya. Ndo maana ya kufubaza. Ukiacha, zile seli zilizolala zinaamka, na kwa wengi ndani ya wiki chache tu virusi wanaonekana tena kwenye damu. Mimi niliyaona haya 2011 ule msimu wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya miti ya Babu iliyosemwa inaponya, wapo wateja wangu waliopotea dirishani wakijua wamepona, na waliorudi baadaye baadhi yao sikuwatambua mpaka waliposema namba ya kadi.

Kuruka siku mbili tatu ni kubaya kwa namna nyingine pia. Ukiruka dawa inapungua mwilini lakini haijaisha, kirusi anaanza kunakili huku anaionja onja, na huyu bwana anakosea sana akinakili, kila nakala ina kasoro zake, sasa siku moja kasoro moja inatokea kumfaa. Kwa lamivudini badiliko moja tu linatosha kumpa usugu. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kuzoeleka, na ndo sababu mojawapo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza iwe chaguo la kwanza na sisi Tanzania tukaanza kuhamia 2019, ila ngumu si haiwezekani. Mwambie mwenzako hivyo, na mwambie kwa upole.

Na wingi wa virusi ukiwa chini kiasi kipimo hakioni, mumeo hutamwambukiza kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa kwa maelfu ya wenza ambao mmoja anao na mwingine hana. Sasa wewe unataka kulitupa hilo kwa ajili ya maneno ya wifi?

Haya kilo. Sitakudanganya kwamba ni chipsi, ingawa chipsi nazo zina lake. Kuongezeka uzito na dolutegraviri kupo kweli. Kuna utafiti ulifanyika Johannesburg unaitwa ADVANCE, wakalinganisha watu wa dawa hizi na wa ile ya zamani yenye efavirenzi, wa dolutegraviri wakaongezeka zaidi, na wanawake kuliko wanaume. Sehemu ya uzito ni afya kurudi kwa mtu aliyeanza dawa amekonda, na sehemu nyingine, hii watu wengi hawaijui, ni kwamba efavirenzi kwa baadhi ya watu ilikuwa yenyewe inazuia mwili usiongezeke, kwa hiyo ulipoiacha mwili ukaachiwa kamba. Wewe uliyetoka kule kwenda huku umepata vyote viwili. Hata hivyo kilo 13 ni nyingi, usizinyamazie. Kliniki waombe wakupime presha na sukari, waulize na uzazi wa mpango unaotumia maana sindano nayo inanenepesha baadhi ya watu, na waambie wazi kuwa ulifikiria kuruka dawa. Ukilisema hilo hawakufukuzi, wanakaa na wewe wanaangalia.

Ndoto ulizoziota zilikuwa za efavirenzi, ile ilikuwa inapenda kichwa, kizunguzungu na sinema za usiku, ndo maana tukawa tunasema meza ukienda kulala. Hii ya sasa kwa wachache inaleta usingizi wa mang'amung'amu, dawa yake ni kuhamishia asubuhi, basi. Na ukiona wazee wa kliniki wanakucheka na malalamiko yako wasamehe, wao walianza enzi dawa za bure zinaingia 2004, walimeza stavudini ikawanyonya mashavu na miguu ikawaka moto, na zidovudini iliyowapunguzia damu na kucha zikawa nyeusi. Kwao kunenepa ni zawadi.

Msomaji wa Morogoro: Shangazi, nina miaka 52. Juzi ubavu wa kulia uliniuma kama umeungua, jana vikatoka vipele kwa mstari kutoka mgongoni mpaka chini ya titi. Daktari amesema mkanda wa jeshi, kanipa asikloviri vidonge kumi kwa siku, viwili viwili mara tano. Kumi si sumu hiyo? Jirani yangu anasema ukizunguka ukakutana mtu anakufa. Halafu daktari akaniambia nipime na VVU, mimi ni mtu mzima nimekwazika.

Pole kaka yangu. Kumi ni sahihi kama kila kimoja ni miligramu 400, maana dozi ya mkanda wa jeshi kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba. Dawa hii inakaa mwilini muda mfupi ndo maana inakuwa mara tano, panga saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, ulale zako. Na bahati yako umewahi, inatakiwa ianze ndani ya masaa 72 toka vipele vitokee, ikichelewa sana kirusi anakuwa ameshazaana vya kutosha na wewe unameza kwa ajili ya kumfurahisha mfamasia.

Nikwambie kitu kuhusu hii dawa maana mimi naipenda, kama mtu anavyopenda timu. Asikloviri ikiingia mwilini imelala. Inazunguka kwenye seli zako nzima haifanyi kitu. Ikiingia seli yenye kirusi wa jamii hii, kirusi ana kimeng'enya chake ambacho ndicho kinaiamsha, yaani mwizi anawasha taa mwenyewe, na ikishaamka inageuka ile shanga ya uongo niliyomwambia msomaji wa Temeke. Ndo maana madhara yake ni machache kulinganisha na inachofanya. Ilitoka kwenye maabara ya mama mmoja Mmarekani, Gertrude Elion, na mwaka 1988 yeye na wenzake wawili wakapewa Nobeli kwa namna mpya ya kutafuta dawa.

Machache si sifuri. Kichefuchefu, kichwa kuuma, na kubwa ni figo, dawa ikiwa nyingi na maji kidogo inaweza kuganda vichembe kwenye mirija ya figo. Kwa hiyo kunywa maji, tena ya kutosha, na kama una ugonjwa wa figo rudi mwambie daktari apunguze dozi. Mzee wa figo dhaifu akipewa dozi nzima anaweza kuanza kuongea vitu visivyoeleweka, ndugu wakasema karogwa.

La jirani achana nalo. Kirusi huyu ndiye yule yule wa tetekuwanga, uliumwa utotoni akaenda kujilaza kwenye mishipa ya fahamu, sasa ameamka kwenye mmoja anafuata njia ya mshipa ule, na mshipa unaishia katikati ya mwili, upande wa pili ni mshipa mwingine. Kwa kawaida haukutani. Cha kuogopa ni ukitokea usoni, hasa vipele vikifika ncha ya pua, hapo jicho liko hatarini, unakimbia siku hiyo hiyo. Usipake wino wala mafuta ya taa. Na maumivu yakibaki baada ya vidonda kukauka usiongeze asikloviri, hayo ni ya mshipa ulioumia na yana dawa zake, rudi hospitali.

Kupimwa usikwazike. Mkanda wa jeshi unaamka kinga ikishuka, na kinga inashuka kwa umri, kwa sukari, kwa mawazo, na kwa VVU pia. Huyo daktari amefanya kazi yake, angekaa kimya ndo ungemlaumu baadaye.

Msomaji wa Mombasa: Aunty habari. Nikishikwa na homa ya mafua huenda kwa chemist wananipa Azuma, ile antibayotiki, siku tatu nami hupona. Sasa wewe wasema antibayotiki haifanyi. Mbona napona?

Unapona kwa sababu mafua huisha yenyewe mwanangu, hata ungemeza siku tatu za njugu ungepona. Azuma iliua bakteria wako wa tumboni bure, na walionusurika wamejifunza.

Mafua haya ya kila siku ya kamasi na kukohoa hayana dawa ya kirusi. Ile influenza yenyewe, inayokulaza na homa kali na viungo kama umepigwa, inayo, oseltamiviri, wengine wanaijua kwa jina la Tamiflu. Kirusi wa influenza akishazaliana anabaki amenata kwenye seli mpaka akate kamba kwa mkasi wake ndo aende seli nyingine, dawa inaziba mkasi. Lakini ianze ndani ya masaa 48, na kwa mtu mwenye afya faida yake ni kama siku moja tu ya kupona mapema, huku inaweza kukutapisha. Kwa hiyo tunaiweka kwa mjamzito, mzee, mwenye pumu, aliyelazwa. Wewe chai ya tangawizi, Panadol, na ulale.

Msomaji wa Mwanza: Shangazi mimi ni bodaboda, miaka 29. Nilienda kuchangia damu wakaniambia nina homa ya ini B. Baada ya vipimo nimeanzishiwa tenofoviri. Mtandaoni wanasema inaua figo na mifupa, na jamaa mmoja aliyekuwa na homa ya ini C alimeza miezi mitatu akapona kabisa. Mbona mimi naambiwa miaka?

B na C ni majina tu yamefanana, ni kama kusema Juma na Jumaa ni ndugu. C hana maficho ndani ya kiini cha seli, ukimzuia asizaliane anaisha, na toka dawa za kina sofosbuviri zilipoanza kuingia 2013 zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona kwa wiki 12 hivi. B anaweka nakala yake ya mduara ndani ya kiini cha seli za ini, inakaa humo, tenofoviri haiifikii. Inachofanya ni kuzuia kopi mpya, ini linapumzika, na hatari ya ini kukakamaa au saratani inapungua. Ndo hiyo miaka.

Tena sikiliza, B usimwache ghafla. Ukikata dawa mwenyewe anaweza kulipuka, macho njano, ini likashindwa. Na kwa wale wa TLD wenye B pia, tenofoviri na lamivudini zilizomo zinawatibu vyote viwili, kwa hiyo mtu wa hivyo akiacha ARV anagombana na wawili kwa mpigo.

Figo, ndiyo, wala sifichi. Tenofoviri inatolewa mwilini kupitia figo na kwa watu wachache inaumiza mirija yake, na mifupa inaweza kupungua uzito kidogo. Lakini inaonekana mapema kwa kipimo cha kreatinini, uchafu wa kwenye damu ambao figo huutoa, ndo maana wanakuita upimwe, nenda. Ninachoogopa mimi kwa bodaboda ni kitu kingine. Mgongo unauma, unapita duka la dawa unachukua diklofenaki, kesho tena, keshokutwa tena. Diklofenaki za kila siku juu ya tenofoviri ndo zinaweza kuimaliza figo, tena kwa haraka. Mwambie daktari mgongo unauma. Na watu wa nyumbani kwako wapimwe, asiye nayo achanjwe, chanjo ipo na ni nzuri sana.

Msomaji wa Dodoma: Mama yangu ana miaka 58, anatumia TLD na ana sukari anatumia metformini. Sasa amegundulika na TB, wamemuongezea kidonge kingine cha dolutegraviri jioni. Si wanamzidishia? Na mkojo umekuwa wa machungwa.

Hawajamzidishia. Kwenye dawa za TB kuna rifampisini, hiyo inaliamsha ini lisafishe dawa nyingine haraka haraka, dolutegraviri inapungua mno, kwa hiyo anapewa 50 nyingine masaa 12 baadaye, na ataendelea nayo wiki mbili baada ya kumaliza TB maana ini halitulii siku hiyo hiyo. Mkojo wa machungwa ni rangi ya rifampisini, hata machozi yanaweza kubadilika, usishtuke. Macho yakiwa njano hapo ndo ushtuke.

Metformini ndo iliyonisimamisha. Dolutegraviri inaizuia isitoke mwilini, inajikusanya, kwa kawaida hatuzidishi miligramu 1000 kwa siku, lakini rifampisini nayo inavuruga hesabu, kwa hiyo msipunguze wenyewe, pelekeni kadi zote kwa daktari mmoja aone picha nzima. Sukari ipimwe mara kwa mara, kule Uganda walisharipoti watu ambao sukari ilipanda sana baada ya kuhamia dolutegraviri. Na kreatinini yake ikipanda kidogo tu mwanzoni msilie, dolutegraviri inazuia figo kuitoa kreatinini bila figo yenyewe kuwa mbovu, daktari anajua kutofautisha.

Kama anakunywa dawa za kiungulia zile nyeupe za kutikisa, dolutegraviri imezwe masaa 2 kabla yake au 6 baada. Zinashikana tumboni hazinyonywi. Vidonge vya damu na kalsiamu hivyo hivyo, ila hivyo akimeza pamoja na chakula sio mbaya.

Msomaji, hakutaja mji: Shangazi nisaidie haraka. Kondomu ilipasuka juzi Jumamosi usiku, mtu simjui hali yake. Rafiki yangu anatumia TLD amesema atanipa vidonge vitano.

Usichukue vitano. Hii nilikujibu siku ile ile kwa meseji lakini naiweka na hapa kwa wengine. Dawa za kujikinga baada ya tukio zinaanza ndani ya masaa 72, mapema ndo bora, na zinaendelea siku 28, vitano havikufikishi hata wiki halafu na rafiki yako umempunguzia. Nenda kituo chochote chenye kliniki ya VVU, hata usiku, sema neno kondomu imepasuka bila kuzunguka. Wanakupima kwanza.

Msomaji wa Tanga: Naishi na mama mkwe, hajui. Kopo la dawa linalia kama kayamba, nikilishika tu anauliza nini hicho. Nimehamishia kwenye mfuko wa nailoni naficha kwenye ndoo ya unga. Kuna ubaya?

Unga hapana mwanangu. Vidonge hivi havipendi unyevu, ndo maana ndani ya kopo kuna kile kifuko au kidude kidogo kimeandikwa usile, hicho kinanyonya maji, na watu wanakitupa wakidhani takataka. Fanya hivi, kopo lenyewe na kidude chake liviringe kwenye khanga weka katikati ya nguo zako za ndani, mama mkwe wa Tanga kule hafiki. Kila Jumamosi toa vidonge saba weka kwenye kikopo kidogo kikavu chenye mfuniko, weka na kipande cha kitambaa kisicheze. Kikipata rangi tofauti au kikiwa kinamomonyoka usimeze, rudisha dirishani wakupe kingine. Na ukienda kliniki omba dawa za miezi mingi kama virusi wako hawaonekani, utapunguza safari za kuagia sokoni.